Gari la Viti Viwili

Ragnhild,

Hujambo? Huku theluji inayeyuka, na paka wako bado anakusubiri dirishani.

Uliniomba nimkagulie Sindre wako lile gari la spoti la marehemu Torkjell kabla hajalinunua. Nimemkagulia. Alikuja na viatu vyeupe, akaanza kusifia rangi.

“Fundi, si unaona linavyong'aa?”

“Rangi si kitu, kaka,” nikamwambia. “Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma.”

Nikatoa sumaku. Kwenye chuma kizima hunata. Pakiwa pameoza na kuzibwa kwa puti, ile lipu ya mabati ya magari, huanguka. Siku zote huifunga kitambaa nisichubue rangi. Siku hiyo kitambaa kilikuwa kinene kidogo. Ikaanguka mlangoni, ikaanguka na juu ya gurudumu.

“Kumbe limeoza!” akasema, uso umemshuka.

“Mimi sijasema neno. Sumaku ndiyo imesema.”

Masikini, akanishukuru, hata akanikumbatia. Ananukia ile sabuni uliyokuwa ukininunulia mimi.

Mjane wa Torkjell anaapa kwamba kila majira ya baridi gari lililala gerejini, halijawahi kukanyaga chumvi. Namwamini. Ndiyo maana Jumatatu nililinunua mwenyewe, na hata asubuhi ya baridi linawaka mara moja.

Usimwambie Sindre. Au basi, mwambie tu. Jumapili nitapita hapo kwenu, nimefungua paa. Gari lina viti viwili, na mimi nakalia kimoja tu.

Wako, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,
Halvard