Mwambie Kabla Hujamwacha

Nyasho, Musoma

Magesa, mume wangu mdogo,

Hatujambo. Mama yako anameza dawa zake za sukari, nami zangu. Naandika kwa sababu simu siisikii tena. Usione wivu, bibi yako ameolewa! Mume wangu ananipendaga mpaka naona haya. Akitaka kuongea ananigusa mkono kwanza, nimtazame mdomo.

Unasema utamwacha mchumba wako kimya kimya, usije ukawapa watoto kisukari na uziwi wa kwetu.

Huyu mume wangu alinichumbia mara ya kwanza nikiwa msichana, tukichuma pamba Guta. Mama yangu alikuwa mwembamba, mwenye kiu isiyoisha, na hakuitikia salamu. Watu wakasema anaringa. Masikio yangu nayo yalipoanza kufifia nikaogopa. Nikamwambia, "Sikutaki." Nikaolewa na babu yako, marehemu, naye nikamficha mpaka mwisho. Miaka yote hiyo nilikuwa nacheka watu wakicheka, bila kujua wanacheka nini.

Mwaka huu huyu wa Guta aliporudi kunichumbia, nilimweleza yote.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema. "Nilidhani ulikataa haya meno yangu!"

Nililia, Magesa.

Daktari ametueleza kuwa kisukari cha namna hii, kinachokuja pamoja na uziwi, mtoto hukipata kwa mama tu. Mimi nilimpa mama yako, naye akakupa wewe. Wewe mwanaume hutawapa wanao. Lakini hata kama ungewapa, mwambie. Halafu njoo unipe jibu lake hapa nyumbani, polepole, nikikutazama mdomo.

Bibi yako,
Nyangeta