Siku Yaya Mwamini Alipoikana Ishara Yake

Ijumaa, alasiri. Mvua ilianza asubuhi ikakatika saa sita, na sasa ukungu umelala juu ya ziwa, hata milima ya ng'ambo haionekani. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na aibu pembeni yake. Naandika zote mbili hapa kwenye blogu yangu.

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, yuko nyumbani kwa majuma matatu. Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Bukavu; yeye ni mwanafizikia. Alishamaliza shahada yake ya udaktari, na sasa ni mtafiti huko Ulaya kwa mkataba unaokwisha baada ya miezi michache. Kazi yake ni kutengeneza vihisio vya kwantumu vya kutafuta maada ya giza.

Nieleze kama alivyonieleza mwenyewe jikoni, akichambua majani ya lengalenga. Nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi kubwa mno. Kwa uzito tunaouona, zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Kwa hiyo kuna kitu kinazishika, ndiyo hiyo maada ya giza. Hakitoi mwanga, hakishikiki, na kinatupitia hata sasa, mimi na yeye na sufuria. Yeye na wenzake wametengeneza kidude kidogo kuliko ukucha, kilichopozwa mpaka karibu na kikomo cha baridi, wakakiweka karibu na sumaku kubwa. Wanasema ndani ya nguvu ya sumaku ile, mara chache sana, kitu hicho kinaweza kugeuka kuwa chembe moja ya mwanga ambao jicho haliuoni.

Chembe moja. Na kidude cha dada yangu kinaweza kuihisi.

Mimi, katika darasa la watoto sitini, siwezi hata kujua ni nani amecheka.

Mwaka huu walipata ishara. Ilikuwa ndogo, lakini ilirudi kila walipopima. Wakizima sumaku, inapotea, wakiwasha, inarudi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa kama ni maada ya giza yenyewe. Wakaandika makala, wakaituma kwenye jarida, jina la Yaya likiwa la kwanza. Papa, baba yetu, anayeuza vitenge soko la Nyawera, akaisambaza habari hiyo soko zima kabla jarida halijajibu.

Halafu ikaja Jumapili. Papa alikuwa sebuleni anasikiliza habari. Yaya akachomeka chaja ya simu ukutani, na redio ikaanza kukwaruza.

"Toa ile kitu, Mwamini, inaniharibia habari."

Akaitoa, sauti ikawa safi. Akaichomeka tena. Akaitoa tena. Mara ya nne Papa akamtazama juu ya miwani, lakini mawazo ya Yaya hayakuwa tena pamoja nasi.

Alinivuta mpaka nyuma ya nyumba.

"Zuena, sumaku yetu iko na kisanduku kinachoilisha umeme. Tukizima sumaku, tunazima na kisanduku. Sasa ishara ikipotea, nitajua aje ni nini imeipoteza?"

Nikaelewa: huenda kisanduku kilikuwa chaja, na kidude chao redio.

Akasema iko njia ya kujua. Sumaku yao, ikishajazwa umeme, umeme huo unaendelea kuzunguka ndani yake bila msaada. Unaweza kukiondoa kisanduku kabisa na sumaku ikabaki na nguvu yake ile ile. Ishara ikibaki, ni yenyewe. Ikipotea, ilikuwa makelele ya kisanduku tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini hawakufanya hivyo mapema. Akasema walikuwa na haraka. Kisha akatazama chini.

"Na mimi nilikuwa na woga. Hii wazo si ya leo. Nilipanda nayo ndege."

Sasa aibu yangu.

Nilimwambia anyamaze. Nilisema angoje kwanza mkataba mpya usainiwe, kwa sababu wakubwa wake wanaamua mwezi ujao, halafu atapima polepole. Nilisema wengine nao wana macho, wataona wenyewe. Nilimtaja hata Papa: atawaambia nini watu wa Nyawera? Yote hayo niliyasema kwa sauti ya upendo, na ndiyo maana yananiuma.

Hakunikasirikia. Aliniuliza tu: "Kuna batu batatafuta miaka mingi pale nimesema iko. Niwaache batafute kisanduku?"

Jumatatu alimpigia fundi wa maabara yao. Mtandao nyumbani ulikuwa unakatika, tukapanda mpaka kwenye uwanja wa shule yangu ambako unashika vizuri. Alisimama kwenye matope na viatu vyake vya safari, akamtajia yule fundi kila hatua kwa Kifaransa, taratibu, waya kwa waya, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemwomba afanye kipimo hicho. Alikuwa anaomba mwenyewe kitu ambacho kingeweza kumwondolea jina na kazi kwa pamoja.

Siku tatu tukangoja. Alimsaidia Papa kupima vitenge, aliswali, alikula. Lakini Jumanne niliona anaosha sahani zile zile mara mbili.

Jana mchana ikaja picha kwenye simu. Sihitaji udaktari kusoma mchoro. Pale palipokuwa na kilima kidogo hapakuwa na kitu. Sumaku ilikuwa na nguvu zake zote, kisanduku kimeondolewa, na ishara haipo.

Alilia kidogo, sitaficha. Akaomba maji. Akafungua kompyuta na kumwandikia mkubwa wake, pamoja na wenzake wote. Nimeisoma barua ile, haifiki hata nusu ukurasa. Inasema ishara haitokani na maada ya giza, inatoka kwenye kisanduku cha umeme. Inaomba makala irudishwe kutoka kwenye jarida. Na mwishoni inasema kwamba yeye alikuwa na shaka kabla ya kusafiri na hakuisema.

Nilimwomba afute sentensi ile ya mwisho.

"Hiyo njo barua yenyewe, zile zingine ni maelezo tu," akasema, akaituma.

Wakati wa chakula cha jioni alimweleza Papa, kwa maneno machache. Papa aliuliza jambo moja tu: "Nani aliona?"

"Mimi, Papa."

Papa akaitika kwa kichwa, akaendelea kumega tonge za bugari yake.

Leo asubuhi jibu limekuja. Mkubwa wake anamshukuru, makala inarudishwa, na kuhusu mkataba hawezi kuahidi kitu. Yaya alisoma mara mbili. Nilidhani atarudi kitandani. Badala yake aliniomba karatasi ya miraba, akaanza kuchora namna ya kukifunika kile kisanduku ili kisivujishe tena makelele yake. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba makelele yale yalikuwa madogo sana, hakuna chombo kingine mle ndani kilichoyasikia. Kidude chake kiliyasikia. "Kwa hiyo kinasikia vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akatabasamu.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Nimeishi na mtu huyu utoto wangu wote, tumegombania blanketi moja, na sikuwa nimejua ukubwa wake.

Baada ya swala ya Ijumaa tulimpelekea Papa chakula Nyawera. Maman Furaha, anayeuza viatu mbele ya duka letu, alimwona Yaya akapaza sauti kuvuka njia:

"Papa Mwamini! Ile kitu ya mutoto yako, bameshaitangaza?"

Nilitaka ardhi inimeze. Yaya aliinamia rundo la vitenge, akajifanya anakunja.

Papa alisimama. Aliongea kwa sauti ile ile aliyoitumia kuitangaza habari ya kwanza, wapagazi wakageuka.

"Hapana, Maman Furaha. Haikuwa yenyewe. Ilikuwa makelele ya mashine, na ilidanganya bakubwa bote kule. Unajua nani alivumbua ile makelele? Huyu hapa. Angenyamaza, hakuna mutu angejua."

"Eh! Na hakunyamaza?"

"Hakunyamaza," Papa akasema, akaketi, akafunua sahani yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Naandika haya nikiwa nyumbani. Yaya yuko chumba cha pili na karatasi zake za miraba.

Papa hasomi vitabu, lakini blogu hii huisoma kwenye simu kila Jumamosi baada ya chai. Kesho atafika pale nilipoandika kwamba nilimwambia Yaya anyamaze. Nimerudi kwenye aya ile mara tatu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Siifuti.