Kitambaa kwenye Mlango wa Friji

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko kwenye baridi? Kikohozi kimekuachia, au bado unajitibu kwa ubishi kama kawaida yako? Sisi tu wazima, ila uzima wenyewe una kovu, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu Baba angeninyang'anya.

Shangazi hayupo nyumbani. Kila ukipiga tunakwambia ametoka kidogo, sivyo? Kaka, hakuna kutoka kwa namna hiyo. Yuko kwa rafiki yake mshonaji, wiki ya tatu hii, na amekataa kurudi.

Mambo yalianzia kwenye ile sola uliyotutumia. Aliyeifunga ni yule fundi tuliyembandika jina la Chapuchapu. Alipofika kwenye ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja ili usimpige mtu, akaanza kugongelea nondo ya shaba uani. Nawe unaijua nyumba yetu, imekaa juu ya mwamba. Nondo ilizama kimo cha goti, ikagoma. Akaikata iliyobaki kwa msumeno, akafukia, akasema kazi imekwisha. Tukamshukuru na chai juu.

Haukupita muda friji ikaanza kung'ata. Ukigusa mlango, vidole vinasisimka. Baba akacheka, akasema siku hizi hata umeme unamwamkia. Nikamwambia tukuarifu. Akasema, "Mwache mwenzio. Ametuma kwa jasho lake, ataona hatuna shukrani." Akafunga kitambaa kwenye mkono wa friji, akawa haifungui bila ndala. Mimi nikamfuata. Ukiuliza friji vipi, tunajibu inagandisha barafu kama mawe.

Shangazi hatukumwambia. Mdomo wake hauna pazia, angekupigia papo hapo. Tulimwambia tu avae ndala jikoni, eti sakafu ina baridi. Na usafi wake unaujua. Akaona kitambaa kimekuwa cheusi, akakifungua, akakifua, akakianika. Kisha kwa mikono ile ile iliyolowa, miguu peku, akaenda kuchukua maji ya kunywa.

Nilisikia sufuria zikianguka. Nilimkuta chini, macho wazi, hasemi. Mungu ni mwema, anatembea, ila vidole vya mkono wa kulia havijarudi sawasawa. Sindano inamponyoka. Mkono uliotulea, Kaka! Alipopata nguvu aliuliza swali moja tu, "Kumbe kile kitambaa kilikuwa cha kazi hiyo?" Baba akainamisha kichwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kesho yake Shangazi akafunga nguo zake.

Tumemleta fundi mwingine. Ile nondo aliing'oa kwa mkono mmoja, kama karoti. Akauliza wapi pana udongo wenye kina na unyevu. Ni mahali pamoja tu: bustani ya mboga ya Shangazi, anapomwaga maji ya vyombo miaka nenda miaka rudi. Nikaenda kumwomba ruhusa. Akaja mwenyewe, akang'oa mboga zake kwa mkono wa kushoto, tukachimba. Nondo ndefu imezama yote, waya umefungwa hadi kwenye bati la friji, na ipo swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja.

Fundi alisema udongo ule usiachwe ukauke. Basi Shangazi huja kila jioni na ndoo, anamwagilia, anaondoka. Ndani haingii. Juzi Baba alifungua mlango wa jikoni akasimama peku, kaikumbatia friji ili amwone. Akamwambia, "Dada, haing'ati tena." Shangazi akamalizia maji ya ndoo, akajibu, "Friji nimeiamini. Ninyi bado."

Kaka, mpigie. Habari ya friji iache. Mwambie hukujua, basi, maana hilo ndilo linalomla: anadhani hata wewe ulijua, ukanyamaza.

Msalimie wifi, na yule mdogo anayetuonea haya kwenye simu. Baba anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia. Nitamwambia leo hii, nimechoka kuficha.

Mungu akutunze huko uliko, na akuzungushie watu wasiokuficha jambo.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba wenu.