Mahali Alipopachagua Mama

Shambani, nje ya Tanunda
Juni, wakati wa kupogoa

Kaka yangu mpenzi Brenton,

Pokea salamu za dada yako, na za wote wanaokukumbuka hapa, wakiwemo wasiokubali kwamba wanakukumbuka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko migodini, na kwamba joto na vumbi jekundu havijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia, majani ya mizabibu yamepukutika, na kila asubuhi natoka na mkasi kwenda kupogoa na mume wangu Grantley, ambaye bado anakata vibaya na bado anabisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja Baba tu, unasema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Nataka nikupe habari za karamu ya miaka hamsini ya ndoa ya wazee wetu, ile uliyokataa kuja, na nakuomba uisome mpaka mwisho, maana nina ombi na nimeliweka chini kabisa.

Unajua Baba alivyoitaka karamu hiyo. Walipooana walikula soseji na matango ya siki kwenye ukumbi wa kanisa, akamwahidi Mama kwamba ipo siku atamkalisha kwenye meza ya kitambaa cheupe, wahudumiwe na watu waliovaa vizuri kuliko wao. Basi mwaka huu aliona siku imefika. Alichagua hoteli ya pale mlimani, ambayo watu wa Sydney huweka nafasi msimu mzima kabla, na kwa kuwa mwenye hoteli hununua zabibu zetu, akatupatia meza. Tulikwenda kuonja kwanza. Mama akala vijiko viwili, akasema viti vya pale vinamuumiza mgongo.

Tukaenda kwenye mkahawa wa kile kinu cha mawe kando ya kijito. Mama akasema sahani kubwa, chakula kidogo, kana kwamba wanamlisha kuku mgonjwa. Baba akatupeleka Angaston, kwa wale wanaopika bata kama alivyopika bibi yetu, na wewe ni shahidi, Mama amekuwa akiusifu mkono wa wale watu tangu tukiwa watoto. Safari hii akaweka uma chini, akasema siku hizi hawajui tena kupika. Mimi bata yule nilimla mpaka nikalamba vidole. Niliudhika, Brenton, nisikufiche. Nilisema moyoni kwamba Mama amezeeka vibaya.

Shangazi Hulda hakusema moyoni. Alimwambia wazi kwamba mtu aliyeolewa kwa soseji asijifanye malkia wakati meno yameshaanza kumtoka. Mama alicheka tu. Kisha akatangaza kwamba yeye anataka kwenda kwa Bi Lien.

Unapakumbuka kwa Bi Lien, nyuma ya duka la matairi, viti vya plastiki, wanakokula wachumaji wakati wa mavuno. Mwenyewe ni Mvietinamu, na pilipili yake inamtoa mtu machozi tangu mlangoni. Baba akasema kwa upole kwamba mvinyo wa zamani hauwezi kukaa meza moja na pilipili ile, ni kuuchinja mchana kweupe.

Mama akamjibu, "Ulete hivyo hivyo, Merv. Bibi harusi ni mimi."

Tukaenda. Bi Lien alikuwa ametandika shuka jeupe juu ya meza mbili zilizounganishwa, shuka la kitandani, lenye maua ya kufuma pembeni. Baba alilitazama, akakaa. Nilimwonea huruma. Kwake yeye ahadi ya miaka hamsini ilikuwa imeishia kwenye shuka la mtu.

Tulikuwa watano: wazee wetu, Shangazi, Grantley na mimi. Mama alikula, Brenton. Aliweka pilipili mara mbili, akatafuna karanga na matango mabichi kwa kelele kama mtoto, machozi yanamtiririka, anacheka. Tangu aanze kutibiwa saratani mwaka jana sikuwa nimemwona akila vile. Hata Baba alianza kulegea usoni.

Ndipo akatoa chupa. Ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi kama kawaida yetu, shingo imefungwa uzi, ili tubahatishe mwaka na shamba. Aliifungulia mezani mwenyewe, na kizibo akakitia mfukoni moja kwa moja, maana sheria ya nyumba yetu unaijua: kizibo kimepigwa chapa ya mwaka, hakionwi wala hakinuswi mpaka kila mtu aseme. Sheria hiyo aliitunga yeye, na safari hii ilimponza. Kama angekinusa kile kizibo, angejua.

Akamimina. Mdogo hunusa kwanza, kwa hiyo nilianza mimi, na nikajua papo hapo. Boksi lililonyeshewa. Gunia bichi. Ule uozo wa kizibo unaoharibu mvinyo, tuliofundishwa kuutambua kabla hatujajua kusoma. Grantley akanusa, akanitazama. Shangazi akanusa, akaanza kufungua kinywa, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akakifunga. Baba akanusa wa nne. Chupa ile, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya mwaka wa harusi yao, Brenton, ya mwisho kabisa, ameilinda tangu sisi hatujazaliwa. Rangi ilimtoka usoni. Alikuwa ananyoosha mkono akusanye glasi aseme basi, imeharibika, ila Mama alikuwa ameshainua yake.

Unajua Mama anavyonusa. Bonde hili zima halina pua kama yake, wenye viwanda wakubwa walikuwa wakimtumia gari. Akaizungusha glasi, akaingiza pua yake yote, akafumba macho. Akanywa. Sote tukangoja auteme.

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Huu ni wa mwaka aliozaliwa Brenton. Mizabibu ya bondeni."

Sikujua nitazame wapi. Jina lako halijatajwa mbele ya Baba tangu alipoing'oa ile mizabibu ya bondeni uliyoilea kwa mikono yako, na ukaondoka ukiapa kwamba hutaonja tena kitu chake. Na sasa Mama ameyataja yote mawili kwa pumzi moja, juu ya mvinyo uliooza. Nikaelewa hapo kwamba hasikii harufu yoyote. Nikaelewa pia habari ya yule bata, na ya vile viti vya mlimani.

Baba, ambaye umemwona akimwaga pipa zima mtaroni kwa harufu ndogo kuliko ile, aliinua glasi yake akainywa mpaka tone la mwisho. Akasema, "Umepata, Val. Wa mwaka wa Brenton." Kisha, badala ya kuvua mfuko tuone karatasi ya chupa, akaukaza uzi, akaiweka chini ya kiti chake. Nasi tukanywa. Shangazi Hulda naye alinywa, na akasema ni mzuri.

Niliona Baba amefunika kombe. Sikujua kwamba waliofunika walikuwa wawili.

Kesho yake nilimkuta Mama jikoni peke yake, anakanda unga wa keki. Nilitaka kumbembeleza, akanikatiza. Alisema dawa zilimuua pua na ulimi tangu zile dripu za kwanza, kila kitu kinywani ni kama kulamba bomba la maji, na kilichobaki ni pilipili tu, inaunguza, na kitu kinachounguza angalau unajua kimeingia. Ndiyo maana akamtaka Bi Lien. Hakumwambia Baba kwa sababu Baba angekaa mbele ya meza ya kitambaa cheupe akalia.

Nikamuuliza basi kwa nini aliusifu mvinyo ule. Akasema, "Kerryn, nimeishi na mtengeneza mvinyo miaka hamsini. Niliziona nyuso zenu. Nilijua umeoza kabla sijaugusa. Nikasema kama ni wa kuharibika, angalau nimlazimishe amtaje mwanangu."

Kaka, hapo juu nimeandika kwamba hatujambo. Hivyo ndivyo barua huanza, lakini si kweli. Tulikwambia Mama amepona. Sisi wenyewe tuliambiwa hivyo, mpaka mwezi uliopita. Ugonjwa umerudi, umeshika ini. Daktari anasema mavuno yajayo hatayaona. Mama alinikataza nisikwambie, anasema ukija uje kwa kupenda, si kwa kufukuzia jeneza. Nimemvunjia neno lake na sitajuta.

Naumia, Brenton. Natembea kwenye mistari ya mizabibu nikilia hadi Grantley anazima redio ya trekta. Lakini sikuandikii ili unionee huruma.

Ombi lenyewe ni hili. Jumapili Baba alishuka ghalani, akakaa huko kitambo, akapanda na chupa ndani ya mfuko mwingine. Ameiweka juu ya kabati la jikoni. Hakusema ya mwaka gani wala hakuna aliyemuuliza. Amesema tu haifunguliwi mpaka tutimie. Mama alipoiona alinivuta kando. Alisema pua yake aliirithi mtoto mmoja tu katika nyumba hii, na si mimi, na ni kweli, sikukasirika. Akasema nisikulazimishe. Nikuulize tu kama unaweza kuja kwa Bi Lien ukae kando yake, umnusie, umwambie mvinyo unanukia nini.

Grantley anakusalimu, na Shangazi Hulda anasema ulete pesa za migodini ununue viatu vya maana. Baba hajasema nikusalimu. Alikuja tu mara mbili kuuliza kama barua imekwisha, na kama stempu ninayo.

Wasalaam, nami nakungoja.

Dada yako akupendaye,
Kerryn