Ungo wa Marsiana

Ignasi, ungo wa mwisho wa marehemu mke wangu umeondoka na mgeni rasmi. Sasa hivi gari liko njia ya Sumbawanga.

Mtendaji wa kijiji aliniambia, "Mzee, tunauazima tu kwa maonyesho." Kuazima. Halafu akashika kipaza sauti, akamkabidhi mgeni: "Zawadi kutoka kwa wananchi."

Kuazima, Ignasi. Wakubwa hawaazimi, wanachukua.

Unajua Marsiana alikufa kabla hajawafundisha wajukuu kufunga ukingo. Tulipanga tuufumue ule polepole, waone bibi yao alivyopitisha kamba. Sasa nani atawaonyesha, mtendaji?

Mjukuu wangu Viktoria hajalia. Njiani kaniuliza tu, "Babu, mbona na wewe ulipiga makofi?"

Na kweli nilipiga.