Majina Niliyoyatupa Wimboni

Mpendwa Maman Uwineza, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na nakusihi usinitaje gazetini maana ukinitaja tu kila mtu hapa Cyangugu na kule Bukavu atanijua. Mimi ni mwanamuziki, tena siyo mdogo, miaka mingi nimeimba mapenzi na nimekula vizuri kwa kutupa libanga, yaani kutaja jina la tajiri katikati ya wimbo ili ajione mkubwa, na kila nilipotaja jina ukumbi mzima ulikuwa unaitikia, "Iko!", maana yake yupo hapa, tunamwona. Mwaka jana vijana wanaharakati wa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, walinijia wakaniambia msanii mkubwa anayenyamaza nchi ikiumia ni kasuku wa matajiri, basi maneno yale yakaniingia, nikatunga wimbo wa kudai haki, na kwa mazoea yangu nikayatupa majina ya vijana wenyewe, Ghislain, Bashige na Cirhuza, nikidhani nawapa heshima.

Maman, wimbo ulipendwa kupita nyimbo zangu zote. Ghislain alitoka kununua mkate, hakurudi. Kisha Bashige, kisha Cirhuza, kwa mpangilio uleule niliowaimba, na hakuna anayejua wamechukuliwa na nani.

Niliporudi jukwaani niliyaruka majina, mahali pa jina la Ghislain nikanyamaza, gitaa likaendelea peke yake, lakini ukumbi uliitikia "Iko!" palepale penye kimya, na nyuma yao sauti moja ikachelewa kidogo, ikasema, "Niko," na naapa ilikuwa yake, mpiga ngoma wangu naye aliisikia akaacha kupiga.

Tangu siku hiyo watu wananiogopa. Nikipita sokoni akina mama wanawaita watoto wao "wewe" na "ule", yaani yule, hakuna anayetamka jina nikiwa karibu. Mama yake Bashige alivuka mpaka akanikuta nyumbani, akakataa kukaa, akaniambia, "Papa, jina ya mutoto yangu uiondoshe mu ile wimbo. Kila mara banaiimbaka, mulango yangu inagongwa, nikifungua hakuna muntu." Nililia mbele yake.

Sasa vijana wanataka niimbe tena Jumamosi na nitupe majina mapya, na moja ni la Chloé, binti yangu anayesoma kule Bukavu, na yeye mwenyewe ndiye anayenibana, "Papa, unaogopa nini? Batu banapotea bila muntu kujua hata jina yao. Yangu nayo uitupe." Mama yake amesema nikikubali ataondoka nyumbani, nikikataa vijana watasema nimenunuliwa. Na jana nilikuwa najaribu gitaa tu, bila kuimba, na nilipofika pale ambapo jina la Chloé lingeingia, nilisikia mtu nje akiitikia, "Iko!" Nilitoka mbio, sikukuta mtu. Je, mwanamuziki aingie siasa au abaki na mapenzi yake? Nifanye nini?

Baba mwenye hofu, Cyangugu

*

Baba mwenye hofu, pole. Ni pole ya kweli, maana barua yako nimeisoma mchana kweupe na bado nimekwenda kuangalia mlango. Lakini lazima nikugombeze.

Unauliza kama mwanamuziki aingie siasa. Umeshaingia, baba, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wala sikulaumu kwa kuimba haki. Wanaocheza nyimbo zako ndio hao hao wanaolia, na sauti uliyopewa siyo ya karamu za matajiri tu. Kosa lako ni libanga. Tajiri anataka kuonekana. Kijana anayefanya kazi ya hatari, kuonekana ndiyo hatari yenyewe. Wewe umeniomba nikufiche, na nitakuficha. Hao watatu uliwauliza? Ninyi watu maarufu sifa ni chakula chenu, mnadhani kila mtu ana njaa nayo.

Kuhusu hizo sauti, sitajifanya najua. Ninalokuambia ni hili: ukiitwa, usiitikie.

Nenda kwa mama yake Bashige na kwa wale wazazi wengine, ukae chini, uwaulize kama watoto wao waimbwe au wasiimbwe. Wakisema majina yatoke, yatoke, hata wimbo ukibaki mifupa mitupu. Chloé hajakosea, waliopotea hawafai kusahauliwa, lakini kuwataja wimboni ni kwa ruhusa ya waliowazaa. Yeye mlete nyumbani kabla ya Jumamosi. Akikasirika, akasirike akiwa anakula mezani kwako. Hatari yake ataichagua mwenyewe akitaka, ila isitangazwe na baba yake kwa maikrofoni.

Jumamosi panda jukwaani uimbe haki yote, usimwonee haya mnyang'anyi yeyote. Ukifika mahali pa majina, tupa moja tu, lako, kisha nyamaza, uone nani ataitikia. Na kama hilo huwezi kulitamka, rudi kwenye mapenzi yako, wala usitaje tena jina la mtoto wa mtu.