Amaleki wa Kilimarondo

Mjukuu wangu, mume wangu Baraka,

Huku Nachingwea tu wazima. Babu yako amemaliza kupalilia ufuta, ila analalamika kwamba unamwandikia mke wake tu. Unauliza Waamaleki, wale maadui wa Israeli katika Biblia, kwa leo ni akina nani, upate kuhubiri Jumapili. Nitakujibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa mwinjilisti, nikibishana na kila mtu mpaka sokoni Ruangwa. Kijijini Kilimarondo simba walikuwa wameua watu, na wengi waliamini ni simba wa kutumwa na wachawi. Nikahubiri: "Amaleki yumo kijijini! Msimhurumie!" Wakaitikia amina kubwa, nami nikaifurahia.

Asubuhi wakanijia na mapanga. "Mama, Amaleki tunamjua. Twende utuombee."

Wakanipeleka kwa bibi mmoja mjane. Alikuwa anatoka kisimani, nyuma ya wenzake wote, akichechemea na ndoo yake.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Mbona wengi hivi, nani kafiwa?"

Ndipo nikakumbuka mstari nilioruka: Amaleki ndiye aliyewapiga Waisraeli waliochoka, waliobaki nyuma safarini. Nikamwingiza ndani, nikakaa mlangoni.

"Toka, Mama! Si ulisema mwenyewe?"

Sikutoka. Jua lilipokuwa kali wakaondoka, mmoja mmoja.

Vita vya kiroho vipo, na anayekataa aje tubishane. Lakini Jumapili ukimtaja Amaleki, tazama waumini wako wanamgeukia nani. Mimi mpaka leo amina kubwa inanitisha.

Bibi yako akuombeaye